Nilipeleka mbao kwa kompyuta: wiki zangu sita kwenye residensi ya wasanii Dar

Watu watatu wameshaniuliza kama sikupoteza muda wangu kule, na mmoja wao ni baba. Naandika mara moja ili nisirudie.

Mimi ni mchongaji, kibanda chetu kipo Mwenge, pale kwenye vinyago. Baba alianza kazi kabla sijazaliwa. Mimi nimekulia kwenye vumbi la mpingo, na hadi leo nikipenga kamasi baada ya kupiga msasa zinatoka nyeusi. Mwezi wa tatu niliingia kwenye programu ya wiki sita inayofundisha wasanii wa hapa mjini kutengeneza vitu kwa kompyuta: unachora, halafu mashine inakata, inachonga au inajenga ulichochora. Wenyewe wanaita residensi, ingawa hakuna aliyelala pale, jioni kila mtu anapanda daladala anarudi kwake. Tulikuwa kumi: wachoraji, mshonaji, dada mmoja anayebuni khanga, jamaa wa viatu, na mimi na tezo yangu. Hailipiwi, na kuna posho ya nauli na chakula. Jina la waandaaji sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko, na mengine tulishayamaliza ana kwa ana.

Siku ya kwanza ni maneno. Tuliambiwa karakana za namna hii zilianzia MIT, chuo kikuu cha teknolojia kule Marekani, kwa Neil Gershenfeld, ambaye mwaka 1998 alianza kufundisha somo la kutengeneza karibu kitu chochote. Mchoraji mmoja wa tingatinga akanong'ona kwamba sisi somo hilo tunalijua, linaitwa njaa. Tulicheka, lakini baadaye chai ilipoletwa ndiye huyohuyo aliyetetea mashine kuliko wote. Alisema Edward Tingatinga mwenyewe, miaka ya mwisho ya 1960, alichukua vipande vya mbao za dari na rangi ya kupaka baiskeli, vitu ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya sanaa, na leo watu wanapanga foleni Oysterbay kununua kazi za mtindo wake. Sikuwa na jibu.

Mashine zilikuwa za aina tatu. Ya leza, inayokata plaiwudi na akriliki. Printa za 3D mbili, zinazoyeyusha uzi wa plastiki na kujenga umbo tabaka kwa tabaka. Na CNC, ambayo ni kama ruta ya fundi seremala iliyofungwa kwenye reli, inakwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini kwa kufuata namba. Programu za kuchorea zote zilikuwa za bure, Inkscape na FreeCAD, na hilo nawasifu nalo, maana nimerudi nyumbani nikaziweka kwenye kompyuta chakavu ya shemeji yangu na zinafanya kazi. Taratibu, lakini zinafanya.

Leza nitaipitia haraka kwa sababu haikunishika sana. Ni safi, ni ya haraka, na dada wa khanga aliifaidi kuliko sisi sote: alikata violezo vya pindo na mji kwa asubuhi moja, kazi ambayo kwa kisu ilikuwa ikimla wiki. Kitu kimoja tu nakikumbuka. Jamaa wa viatu alikuja na ngozi ya bandia aweze kukata visigino, mkufunzi akaishika, akainusa, akamrudishia. Ile kitu ina PVC, aina ya plastiki. Ukiichoma kwa leza inatoa gesi yenye klorini, inaharibu mashine na inaharibu kifua chako. Kaka wa watu alikuwa amezoea kuikata kwa moto miaka yote. Alikaa kimya hadi jioni.

Printa za 3D ndizo zilizonichosha. Tulikuwa kwenye masika, na uzi wa plastiki unaotumika (PLA, unene wa milimita 1.75, unatengenezwa na wanga wa mahindi na mimea mingine) unafyonza unyevu. Dar mwezi wa nne hata chumvi inalowa kwenye kopo. Ukiuweka uzi wenye unyevu kwenye mashine, unasikia ta-ta-ta kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na maji, na kitu chako kinatoka kimejaa nywele kama utando wa buibui. Wiki nzima ya kwanza iliishia hapo, na kwenye vidude vya kuning'iniza funguo. Kumi sisi, watu wazima, wengine wana wajukuu, tunasubiriana kuchapisha vidude vya funguo. Hii wairekebishe.

Wiki ya pili wakasema kila mtu alete kazi yake ya zamani, tuipige picha kuizunguka pande zote, kompyuta iziunganishe iwe umbo. Nikamwomba baba shetani wake mmoja mdogo (shetani ni kinyago cha umbo la jini), wa mpingo, uliong'arishwa hadi unajiona. Picha zaidi ya sitini, na kompyuta ikatoa kitu kama andazi lililoumwa. Mpingo ni mweusi na unang'aa, kwa hiyo kamera haioni mahali pa kushika. Mkufunzi akasema tuupake poda. Nikatoka, nikanunua poda ya mtoto dukani, nikampaka shetani wa baba mwili mzima, na picha nikampelekea baba kwa simu. Jibu lake lilikuwa neno moja: "Mzungu."

Umbo lilitoka safari hii. Tukalichapisha, nikampelekea Mwenge. Akalipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kinyago, na mikono ikapanda juu yenyewe kwa sababu alitegemea uzito. Mpingo ni mti unaozama kwenye maji. Hiki kilikuwa na uzito wa ganda la yai. Akakigeuza, akakigonga kwa kucha. "Ndani kuna nini?" Nikamwambia kuna uwazi, na vijiukuta kama sega la nyuki. Akakirudisha. Hakusema kibaya, ila alikirudisha haraka.

Sasa CNC. Hapa ndipo nilipokaa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuipelekea mpingo. Mkufunzi alinionya, nikamwambia mpingo ni wa kwetu, naujua. Dakika ya tisa biti, yaani kile kisu kinachozunguka, ikakatika, tak, kipande kikaruka kikagonga kioo cha kinga. Gogo lilikuwa na ufa ndani, kama magogo mengi ya mpingo yalivyo. Mimi nikiwa na patasi mkononi ufa nauhisi kabla sijaufikia, sauti inabadilika, na hapo mkono unapinda, kinyago kinapata bega ambalo hakikupangiwa. Wazee wa kazi husimulia kwamba hata mtindo wa shetani ulianza hivyo, kwa Samaki Likankoa kuvunjikiwa na mkono wa kinyago, na badala ya kukitupa akafuata kilichobaki. Mashine hailijui hilo. Uamuzi wote umeshautoa jana, ukiwa umekaa kwenye kiti, na leo inatekeleza tu, kuwe na ufa kusiwe na ufa. Biti nililipa kwenye posho yangu, na ilikuwa haki.

Baada ya hapo nikaacha ubishi nikajiuliza ni kazi gani Mwenge naifanya kwa kuhesabu, siyo kwa kuamua. Jibu lilikuwa bao. Watu huagiza bao la kete, na mimi huwa nakunja uso, kwa sababu ni mashimo 32, safu nne za manane, na shimo la ishirini na saba lina hasira ya mashimo ishirini na sita yaliyotangulia. Halitoki sawa na la kwanza.

Nikaleta ubao wa mninga wa inchi mbili, mkavu. Nikachora shimo moja, nikaliambia lijirudie. Biti yenye ncha ya mviringo ikaanza kuzunguka, inashuka kidogo kidogo, inatoa bakuli, inahamia jingine. Shimo moja dakika tano. Nilisimama pale kama mjinga, sina la kufanya na mikono yangu. Ndani ya kila shimo inaacha vimistari vyembamba kama nywele zilizochanwa, vinaisha kwa msasa.

Umeme ukakatika kwenye shimo la kumi na tisa. Jenereta likawashwa, lakini CNC ikizimika inasahau ilikuwa wapi, inabidi uitafutie upya pale pa kuanzia, na mimi nilikosea kwa nusu milimita. Nusu milimita ni unene wa ukucha. Lakini ukipitisha kidole, kwenye shimo lile kuna kingazi.

Halafu zikaja nyumba. Anayecheza bao anajua kila mchezaji ana shimo lake la nyumba, na lile ni la mraba. Biti ni duara, kwa hiyo haiwezi kutoa kona ya ndani. Ikiwa na upana wa milimita 6, kila kona inabaki na mviringo wa milimita 3, hata uchore mraba mzuri namna gani. Nilimwita mkufunzi nikidhani nimekosea mahali. Akasema hapana, ndivyo ilivyo, wengi wanaacha tu hivyo. Nikafungua mfuko, nikatoa patasi, nikakaa sakafuni na ubao katikati ya miguu, nikazikata kona zote nane. Ndiyo dakika ishirini pekee katika wiki sita ambazo wenzangu walizima mashine zao wakaja kuniangalia mimi.

Jumamosi nikalipeleka bao barazani Magomeni kwa wazee wanaocheza kila siku baada ya alasiri. Shikamoo, marahaba, wakalipapasa, wakalisifu, wakamwaga komwe zao 64. Hazikupita njia mbili mzee mmoja akasimamisha mchezo. "Mwanangu, mashimo yako yana choyo." Nilikuwa nimeyachimba milimita 28 na kuta zimesimama. Kete zinaingia vizuri, ila kuzichota mkupuo mmoja vidole vinagongana na ukuta, na bao ni mchezo wa kasi, mkono unatakiwa upite kama unafagia. Mashimo ya kuchonga kwa mkono huwa yamelala ukingoni, kwa sababu ndivyo tezo inavyoingia. Miaka yote nilikuwa natengeneza shimo sahihi bila kujua kwa nini ni sahihi.

Jumatatu nikafungua faili. Kina nikakipunguza hadi 22, ukingo nikaulaza, kwenye shimo moja. Yote 32 yakabadilika mbele ya macho yangu. Kwa mtu aliyewahi kurudia bao zima kwa sababu mteja kasema "kidogo tu yapanuke," nadhani mnaelewa nilichohisi. Hicho ndicho nilichokwenda kuchukua kule, ingawa wakati najaza fomu sikukijua.

Malalamiko. Makabrasha yote yalikuwa ya Kiingereza. Mkufunzi wa CNC alitufundisha kwa Kiswahili kizuri kabisa, lakini ukirudi nyumbani unabaki na karatasi inayokuambia habari za "feed" na "spindle," na wawili kati yetu hawakurudi wiki ya tatu, mimi naamini ni hilo. CNC ilikuwa moja kwa watu kumi. Mimi niliipata zaidi kwa sababu wengine waliiogopa. Barakoa zilitolewa wiki ya kwanza tu, na vumbi la mninga siyo la mchezo. Posho ya wiki ya nne ilikuja wiki ya sita.

Na mkataba. Kuna kipengele kilisema faili zote tutakazotengeneza zinaweza kutumiwa na waandaaji popote. Kwa bao sikujali, bao ni la watu wote. Lakini shetani wa baba ni wa baba, na umbo lake lilikuwa limekaa kwenye kompyuta yao. Nilikwenda ofisini, nikaeleza, wakanisikiliza, wakaandika kwamba kazi iliyoletwa kutoka nje haihusiki. Faili nikafuta mwenyewe, mbele yao. Ukienda, kipengele hicho kisome kabla hujasaini, siyo baada kama mimi.

Nyota? Mkufunzi wa CNC tano. Ofisi mbili.

Wahitimu tunaruhusiwa kurudi kwa kulipia saa, na bei yake kwa bao moja inaniachia faida, kwa bao la mapambo ya mpingo hainiachii. Nimeshatoa mabao manne tangu pale, kona nazikata kibandani kwetu. Lile la kwanza, lenye kingazi shimo la kumi na tisa, sikuliuza. Baba analitumia na jirani, na nimemwona mara mbili akipitisha kidole pale wakati anasubiri zamu yake.

Awamu nyingine huwa inaanza baada ya mvua. Beba ubao wako mwenyewe, uwe mkavu, na beba kipimo cha kitu ambacho tayari unakitengeneza na kinakuchosha. Waliofika mikono mitupu ndio waliomaliza na vidude vya funguo.