Counter-Strike kwenye kompyuta ya zamani: ubaki na CS:GO au uhamie Linux?

Tarehe 27 Septemba 2023 Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta, ilitoa Counter-Strike 2 (CS2), mchezo wa kupigana risasi, mahali pa toleo lililotangulia, CS:GO. Kompyuta za Mac ziliachwa nje, pamoja na mifumo endeshi ya biti 32 na kadi za picha zinazoishia DirectX 9, teknolojia ya zamani ya picha ya Windows. Watu waliolipia mchezo huu miaka iliyopita walifungiwa mlango, na hilo linaniuma.

Njia ya kwanza ni kubaki na toleo la CS:GO ambalo Valve ililigandisha. Ni jepesi, na kucheza dhidi ya roboti bado kunatosha kwa mazoezi. Tatizo ni kwamba huduma yake ilikoma tarehe 1 Januari 2024, na mechi rasmi za kupangiwa wapinzani hazipo tena. Siku hiyo hiyo Steam, programu ya Valve inayoendeshea michezo hii, nayo iliacha kuhudumia Windows 7 na 8, kwa hiyo mwenye mifumo hiyo anaegemea ukuta unaobomoka.

Njia ya pili ni kuweka Linux, mfumo endeshi mwingine, badala ya Windows. Ni bure, na CS2 ina toleo lake la Linux. Ila kagua mashine kwanza: RAM ya GB 8, prosesa ya biti 64, na hasa kadi ya picha inayokubali Vulkan, teknolojia ambayo CS2 huitumia kuchora picha kwenye Linux. Kadi isipoikubali, kubadili mfumo hakutasaidia kitu. Ikiikubali, mimi nasema hama. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kabla ya kuanza.