Johnson Sea-Horse 18 ya 1957: kipuri kipi cha baadaye uingize, kipi uache

Haya, karibuni. Hii hapa mezani ni Johnson Sea-Horse, injini ya boti ya kufungwa nyuma, ya nguvu farasi 18, toleo la 1957, iliyotoka Waukegan, Illinois. Je, inafaa kufufuliwa kwa vipuri vya matoleo ya baadaye? Inafaa, lakini pesa yako ielekee kwenye moto (yaani cheche za plagi) na mafuta (petroli) kwanza.

Moto. Tazameni koili hii, inayozalisha umeme wa cheche: kasha limepasuka, unyevu umeingia ndani. Koili za miaka ile karibu zote huishia hivi, kwa hiyo usihangaike kuzipima, badilisha zote mbili. Namba ni 582995, pointi (swichi ndogo ya kukata umeme wa koili) 580148, kondensa 580321, na bado zinatengenezwa kwa sababu OMC, kampuni mama ya Johnson, ilitumia magneto hii hii (mtambo wa cheche ulio chini ya flaiwili) kwa miaka mingi. Flaiwili, lile gurudumu zito la juu lenye sumaku, ing'oe kwa pula yenye bolti tatu za katikati. Ukiivuta kwa ukingo utaipinda.

Ncha za koili zilingane sawasawa na kingo za vile vinundu vya bamba la magneto. Zikitokeza, sumaku zitazikwangua. Zikizama, moto unafifia. Pointi ziache nafasi ya inchi 0.020, yaani nusu milimita, kamu ikiwa imezisukuma hadi mwisho. Halafu pitisha kati yake karatasi iliyoloweshwa spiriti. Pointi mpya huja na utando wa mafuta, na ndio unaofanya watu waapie kwamba wameuziwa pointi mbovu! Ukivuta kamba, cheche iruke milimita 6 hewani. Kabla ya kurudisha flaiwili, futa koni ya shafti ibaki kavu, kagua kifunguo chake (kipande kidogo cha chuma kinachoifunga flaiwili na shafti), kisha kaza nati kwa spana ya toki, kama Nm 60. Ikilegea, kifunguo kinakatika na taimingi inapotea.

Sasa mafuta. Mashine hii inatumia tangi la presha lenye mipira miwili: mmoja unapeleka hewa kutoka krankikesi (chumba cha krankishafti), mwingine unaleta petroli. Mimi tangi hilo silipendi, maana ni petroli iliyobanwa ndani ya gasketi za kizee. Tafuta kifuniko cha pembeni ya silinda kutoka 18 ya miaka ya 1960, kile chenye mahali pa kufungia pampu ya mafuta. Linganisha matundu ya bolti na gasketi kabla ya kulipa. Tundu dogo la gasketi ya pampu lazima likae juu ya tundu la kifuniko, kwa kuwa pampu inaendeshwa na mapigo ya krankikesi. Njia ya zamani ya hewa izibe kabisa, la sivyo presha inavujia hapo. Na siku plagi ya silinda yenye pampu ikilowa huku moshi ukizidi, shuku mpira wa ndani ya pampu: umechanika, petroli inaingia silindani moja kwa moja.

Impela ya pampu ya maji badilisha bila mjadala.

Kabureta ya injini ya nguvu farasi 25, je? Ujazo ni ule ule, inchi za ujazo 22, ndiyo maana watu wanaitamani. Kwa mashine ya 1957 naona ni kuzitesa gia bure. Na hata ukiweka vipuri vipya vyote hivi, mchanganyiko usibadilike: lita 24 za petroli kwa lita moja ya oili ya TC-W3, ile ya injini za boti za mipigo miwili. Ile 50 kwa 1 ilianza na mashine za 1964.