Rozari ya mbao toka duka la masista, nimeikubali

Jamani hii rozari nina miezi minne nayo na haijakatika, ile ya plastiki niliyonunuaga getini ilikatika nikiwa fumbo la tatu la sala, punje zikatapakaa chini ya mabenchi, niliumia sana. Hii punje zote 59 zimeshikwa na mafundo ya uzi mweusi, 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu, nimezihesabu. Elfu nane tu.

Ila kilichonigusa ni sista muuzaji. Nilikuwa naizungusha kidoleni kama funguo za gari, akaniambia kwa upole mwanangu, hiyo sio cheni, mpelekee padri aibariki kwanza. Nikaona aibu kweli. Siku hizi tumezoea mno vitu vitakatifu, tunapita mbele ya tabernakulo, kile kisanduku kinachotunza Ekaristi kanisani, tunachati, goti lenyewe tunapiga nusu. Na uchaji wa Mungu ni kipaji cha Roho Mtakatifu, tulifundishwa kwenye mafundisho ya kipaimara, sio woga wa fimbo, ni mtoto asiyetaka kumuudhi baba yake anayempenda.

Akaifunga kwenye karatasi safi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Wanafungua baada ya misa ya kwanza, nendeni na chenji.