Toki wa Sado: mwongozaji aliyetukataza kushuka garini

Nimeshakwenda kisiwa cha Sado, Japani, mara mbili kumtazama toki, yule kwarara mwenye kishungi na uso mwekundu. Safari ya kwanza ilinitia uchungu. Aliyetupeleka alisimamisha gari kando ya majaruba, akafungua mlango, akatuambia tusogee tupige picha. Hatukufika hatua kumi. Toki wanne waliokuwa wakila waliruka kwa mpigo mmoja wakapotelea ng'ambo ya kilima.

Machi hii nilimpata mwingine, mzee mkulima wa mpunga wa hapohapo kisiwani, na huyu nampa nyota tano. Alitufuata nyumba ya wageni alfajiri, na kabla hajawasha gari akatoa masharti: hakuna kushuka, vioo vishushwe taratibu, sauti chini. Mwenzangu alinuna. Mimi nilijua tumepata mtu.

Alisimama mbali na toki, kama mita 150, akaegemeza darubini kubwa kwenye kioo cha dirisha. Nilipoweka jicho, toki mmoja alikuwa amezamisha mdomo topeni hadi karibu na macho, anapapasa. Mara akauchomoa na dojo, samaki mwembamba kama mjusi, anajipindapinda. Akamrusha kidogo, akameza. Kichwa, shingo na mgongo vilikuwa vya kijivu kama vimepakwa masizi, nikadhani ni tope. Mzee akasema hapana: msimu wa kuzaa ngozi ya shingoni hutoa utando mweusi, na ndege akishaoga hujipaka mwenyewe. Kisha akakunjua mbawa, na chini yake kukawa na rangi ya waridi iliyoingia chungwa. Wajapani wana jina la rangi hiyo, toki-iro. Gari zima lilinyamaza.

Njiani alitusimulia. Mwaka 1981 toki watano wa mwisho wa porini Japani walikamatwa ili wazalishwe, ikashindikana. Jike aliyeitwa Kin, wa mwisho wa uzao wa Japani, akafa mwaka 2003. Bahati ni kwamba mwaka uleule wa 1981 walionekana saba kule Yangxian, China. China ikaipa Japani jozi moja mwaka 1999, kifaranga akaanguliwa mwaka huohuo, na Septemba 2008 kumi wakaachiwa huru Sado. Leo wanaruka zaidi ya 500.

Mahali pekee alipotushusha ni shambani kwake, pasipo na ndege. Alitaka tuone mtaro aliouchimba pembeni mwa jaruba: majira ya joto maji yakikaushwa, dojo na vyura hukimbilia humo, na toki hakosi chakula. Dawa na mbolea za viwandani amezipunguza kwa nusu, ndiyo maana mchele wake una cheti cha toki. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kasoro zipo. Anaongea Kijapani tu, kwa hiyo nenda na wa kukutafsiria. Darubini ni moja kwa watu wanne, zamu fupi mno. Picha za simu zitakupa vinukta vyeupe. Anayetaka sura ya karibu aende bustani ya Toki no Mori Koen, ambako toki wako ndani ya wavu mkubwa.

Nimeshaweka nafasi ya Oktoba, manyoya yakisharudi meupe. Nimeomba kiti cha mbele.