Bledi ya boksi kwa trekta dogo: pima matairi kwanza, ndipo uulize bei

Masika yakiisha, njia za kwenda mashambani huku Moshi zinabaki na makorongo yanayoweza kumeza gurudumu zima la pikipiki. Ndipo simu zinaponijia. Mtu ana trekta dogo la HP 25 au 30, mara nyingi lililotumika kutoka Japani. Kulima analima, sasa anataka kifaa cha kusawazisha njia yake, uwanja wa kuanikia na eneo la kujengea banda. Greda la kukodi ni ghali, na kwa njia ya mita mia tatu haliji. Anauliza: "Ninunue bledi ya boksi ya futi ngapi?" Na karibu kila mara anataja futi 6 kabla sijajibu, kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwa jirani.

Kwa asiyekijua kifaa chenyewe, ni sanduku la chuma lisilo na sakafu wala uso wa mbele, linalofungwa kwenye mikono mitatu ya haidroliki nyuma ya trekta. Mbavu mbili zimezibwa, nyuma kuna bledi, mbele kuna boriti yenye meno. Meno yanavunja ardhi iliyoshikana, bledi inakata, na sanduku linabeba udongo kutoka kwenye nundu hadi shimoni. Bledi tambarare ya kawaida humwaga udongo pembeni njiani. Boksi haimwagi, na ndiyo sababu kwa kuziba makorongo naipendelea kuliko kifaa kingine chochote cha trekta dogo.

Futikamba kabla ya pesa

Simamisha trekta mahali tambarare. Pima nyuma, kutoka ukingo wa nje wa tairi la kushoto hadi ukingo wa nje wa tairi la kulia. Usipime rimu, wala usipime katikati ya tairi. Andika namba hiyo. Boksi lazima ifunike upana huo na izidi kidogo, sentimita tano hivi kila upande zinatosha. Ikiwa nyembamba kuliko matairi, tairi litapanda juu ya tuta la udongo ambao hukuukata, trekta litalala upande mmoja, na bledi nayo itakata kwa mshazari. Kila ukipita unaharibu ulichokitengeneza. Tena hutaweza kukata hadi ukingoni mwa mtaro au karibu na ukuta, kwa sababu tairi litafika kabla ya bledi.

Baada ya upana inakuja nguvu. Kwa udongo wetu nahesabu HP 6 kwa kila futi moja ya boksi, na 7 kama utafanya kazi meno yote yakiwa yamezama kwenye moramu kavu. Kwa hiyo trekta la HP 30 ni futi 5. Hesabu hizi mbili, ya matairi na ya nguvu, kwa kawaida zinakubaliana. Zikipingana, fuata matairi kwanza, kisha punguza idadi ya meno unayoshusha.

Nimejifunza haya kwa gharama. Trekta langu la kwanza lilikuwa la HP 27, nikalichukulia boksi ya futi 6 kutoka kwa fundi aliyenihakikishia kuwa "itavuta tu". Siku ya kwanza nilipanda nayo njia ya Kibosho yenye mteremko. Mita tatu za mwanzo zilikwenda vizuri. Sanduku likajaa, matairi ya nyuma yakaanza kuzunguka palepale, na nilipoinua boksi nikakuta nimechimba mashimo mawili mapya mbele ya shimo nililokuja kuziba. Nikafunga difu loki ili matairi yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, nikashusha gia, hali ikawa ileile. Trekta halikukosa nguvu ya injini. Lilikosa uzito wa kushika ardhi.

Boksi ya futi 5, yenye kimo cha sentimita 45 na kina cha sentimita 50, ikijaa hubeba karibu theluthi moja ya mita ya ujazo, yaani zaidi ya kilo 400 za udongo wenye unyevu. Ongeza futi moja ya upana, nawe umeongeza kilo 90 hivi za kuburuta mlimani, mbali na chuma chenyewe. Kwenye tambarare ya Kahe huenda usiusikie mzigo huo, lakini ukipanda kwenda Uru au Machame utausikia mita ya pili tu. Mwishowe fundi mwingine alinikatia ile boksi ikabaki futi 5, akarudisha ubavu na kuondoa jino moja. Trekta lilelile likapanda njia ileile.

Ninavyozipanga

*Ya kwanza: futi 5 (inchi 60, sentimita 152).* Kwa trekta la HP 25 hadi 35, usihangaike na nyingine. Inafunika matairi ya matrekta mengi ya ukubwa huo, inakuja na meno matano hivi, na inapita kwenye njia zetu. Hili la kupita nalisisitiza, kwa sababu vitabu vya nje haviliandiki. Njia za vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo ya Wachaga, zimebanwa na mimea ya masale pande zote mbili, na sale kwa Mchaga ni mpaka wa kihamba, ni heshima, ni kitu cha kuombea msamaha. Nikiwa bado na ile ya futi 6, bibi mmoja alisimama mbele ya trekta na kanga yake mabegani, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hilo sanduku lako litanikatia masale."

"Shikamoo bibi. Nitapita polepole."

"Marahaba. Polepole au haraka, chuma ni chuma. Aliyeyapanda haya ni baba mkwe."

Nilishuka nikapima. Njia ilikuwa na upana wa futi 7 kutoka sale hadi sale, na kwenye kona ilipungua. Boksi inapopinda mkia wake hutoka nje zaidi ya matairi. Nikarudi kinyumenyume hadi barabara kubwa. Kama shamba lako liko juu ya barabara ya Moshi–Arusha, pima na njia kabla hujalipa.

*Ya pili: futi 6 (sentimita 183).* Hii ni ya trekta la HP 36 hadi 50. Mwenye Massey Ferguson 240 au trekta jingine la kundi hilo anaihitaji kweli, kwa sababu matairi yake ni mapana na futi 5 itaachia alama za tairi pembeni. Kwa mashamba makubwa ya tambarare, upande wa Kisongo, Boma Ng'ombe au Chekereni, ndiyo ningeiweka ya kwanza. Imeshika nafasi ya pili hapa kwa kuwa wengi wanaoniuliza wana matrekta madogo zaidi.

*Ya tatu: futi 4 (sentimita 122).* Inamfaa mwenye HP 15 hadi 24, matairi yake yakiwa membamba kweli. Ni nzuri kwa bustani, mabanda ya kuku na njia za ndani ya shamba la parachichi. Kasoro yake ni uzito. Zilizo nyingi ni nyepesi, zinarukaruka juu ya ardhi kavu badala ya kukata.

Ya futi 7 isahau kama trekta lako halijafika HP 50. Ukikutana na ya futi 5 na nusu na matairi yako yanafika sentimita 155 au 158, ichukue.

Uzito ndio unaokata

Ningependa hapa usome taratibu, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea. Boksi haina kitu kingine cha kuisukuma chini. Haidroliki ya trekta dogo huinua, haikandamizi. Kinachoiingiza bledi ardhini ni uzito wa chuma na pembe ya kukatia, basi. Udongo wetu wa majivu ya volkano ukiwa na unyevu ni laini kama unga, lakini Agosti, baada ya malori kupita, unakuwa kama sakafu. Boksi ya futi 5 yenye kilo 150 itaukwaruza tu. Mimi sinunui chini ya kilo 45 kwa futi, yaani kilo 225 kwa futi 5. Kati ya futi 6 nyepesi na futi 5 nzito zenye bei moja, chukua futi 5 nzito.

Usikubali uzito wa kuambiwa. Pleti ya chuma ya milimita 8 ina kilo 63 hivi kwa mita mraba, ya milimita 6 ina 47, ya milimita 10 ina 78 na nusu. Mgongo wa futi 5 wenye kimo cha sentimita 45 ni mita mraba 0.68, basi kwa pleti ya 8 ni kilo 43. Pima mbavu, boriti, meno na mikono ya kufungia kwa namna hiyo, ujumlishe. Ukienda kwa mafundi wa Unga Limited pale Arusha, au wa Moshi mjini, uliza bei, kisha gawanya kwa kilo ulizohesabu. Utashangaa jinsi boksi iliyoonekana rahisi inavyogeuka kuwa ghali.

Bledi yenyewe iwe ya kufunga kwa bolti, yenye makali pande mbili ili uigeuze upande mmoja ukiisha. Mafundi wetu hutumia vipande vya bledi kuukuu ya greda, na chuma hicho ni kigumu na kizuri kwelikweli. Ila kikichomelewa baridi kwa rodi za kawaida hupasuka kandokando ya weldi. Mwambie atoboe afunge bolti. Akilazimika kuchomelea, akipashe moto kwanza na atumie rodi za 7018. Meno nayo yawe ya kupanda na kushuka kwa pini, kwani siku ya kulainisha utayahitaji yote juu.

Pini

Pima unene wa pini za mikono ya chini ya trekta. Unene huo ndio unaotaja kategori, yaani kundi la ukubwa wa kufungia zana. Milimita 22 ni kategori 1, ndiyo ya matrekta mengi madogo. Milimita 28 ni kategori 2. Baadhi ya vitrekta vidogo sana vina milimita 16, kategori 0, na hivyo havitaingiana na boksi ya dukani bila kubadilisha pini na upana wa mikono. Mpelekee fundi trekta lenyewe, usimpelekee vipimo vya kukariri. Ukitaka jicho la mtaalamu, CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, wako Arusha, na kupima zana za kilimo ni sehemu ya kazi yao.

Kabla ya kumaliza kulipa

Bakiza sehemu ya malipo hadi boksi ijaribiwe ardhini. Ifunge, fupisha toplinki (ule mkono wa juu wa katikati) hadi meno yaelekee chini, vuta mita kumi kwenye ardhi ngumu. Kisha refusha toplinki, pandisha meno, uone kama bledi inalaza udongo bila mawimbi. Zungusha mpini wa mkono wa kulia wa trekta, boksi ilale upande mmoja, kwa sababu ndivyo utakavyotengeneza mgongo wa njia ili maji yaingie mtaroni. Mwisho ijaze udongo, iinue sentimita ishirini tu, na umwambie kijana mmoja atazame matairi ya mbele. Yakianza kuelea, utahitaji vyuma vya uzito mbele, au boksi hiyo si ya trekta lako.