Kampen kwa miguu: nilicholipia na nilichokipata bure

Jumamosi iliyopita nilitembezwa Kampen, mji mdogo wa Uholanzi ulio ukingoni mwa mto IJssel. Wenzangu wa hapa Zwolle, mji jirani ninakokaa, wananiuliza kama inafaa kutoa hela. Kwenda, nendeni. Matembezi ya kulipia, fikirini kwanza.

Treni kutoka Zwolle ni kama dakika kumi, na stesheni ya Kampen iko ng'ambo ya mto. Kwa hiyo unaingia mjini kwa kuvuka daraja, mji wote umejipanga mbele yako: nyumba za matofali, minara ya makanisa, na lango la Koornmarktspoort na minara yake miwili minene, karibu kabisa na maji. Mimi ni mtu wa Pangani, nimezoea kuuona mji nikiwa kwenye pantoni. Nilisimama darajani nikasahau saa, nikawakuta wenzangu wa matembezi wameshaanza.

Mtembezaji alikuwa na hadithi moja na aliijua vizuri. Zamani majani yaliota juu ya mnara, watu wa Kampen wakaona ni hasara yakiachwa hivihivi, wakamfunga ng'ombe kamba ya shingo na kumvuta juu akale. Ng'ombe akatoa ulimi. "Tazameni, keshaanza kuyaramba!" Maskini, alikuwa anakata roho. Watu wa miji jirani wana hadithi nyingi za namna hii za kuwacheka Wakampen, na wenyewe wala hawanuni. Kila majira ya joto wananing'iniza ng'ombe wa bandia kwenye mnara wa Nieuwe Toren. Nilicheka mpaka machozi.

Lakini baada ya hapo? Tulisimama muda mrefu nje ya duka la zawadi, tukapita mbio kwenye malango mengine mawili, na swali langu la mto likajibiwa kwa "ndiyo, mto ulikuwa muhimu". Tangazo lilisema Kiingereza. Tulichosikia zaidi ni Kiholanzi.

Mto ndiyo habari yenyewe, jamani! Kampen ilikuwa karibu na pale IJssel ilipomwaga maji kwenye Zuiderzee, iliyokuwa bahari bado. Bidhaa za mto Rhine zilishuka huku, vyombo vya baharini vikapanda huku, mji ukakaa katikati ukila pande zote mbili. Mabaharia wake walizunguka Denmark hadi bahari ya Baltiki, wakirudi na nafaka, mbao na samaki wa chumvi kwenye mapipa. Tena walifanya hayo kwa muda mrefu wakiwa peke yao. Kwenye Hansa, ule umoja wa miji ya wafanyabiashara, waliingia rasmi mwaka 1441.

Kisha mchanga. IJssel ikaanza kujaa, vyombo vizito vikashindwa kupita, biashara ikahamia kwingine, Amsterdam ikanenepa. Hapo nilikumbuka kwetu, Tanga ilivyopata reli na bandari kubwa, Pangani ikabaki na minazi yake.

Kitu kilichonigusa kuliko vyote mtembezaji hakukitaja kabisa. Mwezi Februari 2016 waliinua kutoka chini ya mto huu jahazi la mizigo la karne ya 15, aina wanayoiita kogge, urefu wake kama mita 20 na upana mita 8. Wataalamu wanaona halikuzama kwa dhoruba. Lilizamishwa makusudi, pamoja na vyombo viwili vidogo, ili kuelekeza mkondo wa maji. Fikiria nahodha anayetoboa chombo chake mwenyewe ili mto usimfie! Mabaki yalipelekwa Lelystad kuhifadhiwa, ila Kampen kuna kogge iliyoundwa upya miaka ya 1990 kwa kufuata mabaki mengine. Simama kando yake uutazame ubavu: tumbo lote ni la shehena, mabaharia watajijua.

Haya yote niliyapata baadaye, kwa kusoma na kwa kutembea peke yangu gatini bila kulipa senti. Matembezi nayapa nyota mbili, zote za ng'ombe. Mji wenyewe nyota tano. Ukienda wakati wa baridi vaa koti zito, upepo wa pale darajani hauna huruma, na huyo ng'ombe usimtafute, wanakuwa wameshamshusha.