Miaka Mitatu ya Kukusanya Sarafu za Uingereza: Uzoefu Wangu

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikikusanya sarafu za Uingereza kwa njia tatu: kwa wauzaji wanaopanga meza zao katika maonyesho ya sarafu ya siku za Jumapili hapa karibu na Birmingham ninapoishi, kwa kampuni inayotuma sarafu za ukumbusho nyumbani kila mwezi, na kwa kuchambua chenji ninayorudishiwa dukani. Ninaandika haya kwa wasomaji wa Kiswahili wanaofikiria kuanza, kwa sababu njia hizi hazilingani hata kidogo, na ile iliyonigharimu zaidi ndiyo iliyonipa kidogo kuliko zote.

Kilichonivuta ni senti kumi ya shaba yenye tundu katikati, ambayo marehemu bibi yangu wa Tanga aliitunga kwenye uzi pamoja na funguo za kabati. Imeandikwa jina la Edward VIII na mwaka 1936, na kando yake ipo herufi ndogo H. Mfalme huyo aliacha kiti mwezi Desemba mwaka huohuo, kabla sarafu zake hazijaanza kutumika Uingereza, kwa hiyo Mwingereza wa kawaida hakuwahi kulipia mkate kwa sarafu yenye jina lake, ilhali watu wa Afrika Mashariki walizitumia sokoni kila siku. Herufi H ni alama ya kiwanda cha Heaton, kilichokuwa mtaa wa Icknield hapahapa Birmingham. Kiwanda kilifungwa mwaka 2003, lakini jengo lake la matofali lingali limesimama. Siku nilipolifikia kwa miguu nikiwa na ile senti mfukoni, niliamua kwamba nitajifunza sarafu hizi tangu mwanzo wake.

Mwanzo wenyewe ni peni ya fedha. Ilianza kuenea katika karne ya 8, wakati wa Offa, mfalme wa Mercia, ambaye milki yake ililijumuisha eneo hili ninaloishi, na kwa takriban miaka 500 ilikuwa karibu sarafu pekee ya Waingereza. Peni za Offa sizimudu. Niliyoinunua ni ya Edward I, ya toleo lililoanza mwaka 1279, kwa pauni 45. Ina upana wa milimita 18 hivi, ni nyembamba kama ukucha, na kwenye mizani yangu ina gramu 1.36. Upande wa mbele mfalme anakutazama usoni akiwa na taji, nywele zimemsimama pande zote mbili, na maandishi ya Kilatini yaliyofupishwa yanamtaja kuwa mfalme wa Uingereza na bwana wa Ireland. Upande wa nyuma msalaba mrefu unafika hadi ukingoni, kila pembe ikiwa na nukta tatu, na jina la mji wa London limegawanywa na mikono ya msalaba huo.

Muuzaji aliyeniuzia ni mzee wa makamo, na huduma yake ndiyo kipimo ninachotumia kuwapima wauzaji wengine wote. Hakunionyesha sarafu nyuma ya kioo, bali aliniwekea kitambaa laini mezani, akanipa lenzi ya kukuza mara kumi, kisha akanieleza nianze kutazama ukingo. Msalaba ule ulirefushwa mwaka 1247, akaniambia, kwa sababu watu walikuwa wakipunguza peni kwa mkasi na kuyeyusha vipande, hivyo mikono ya msalaba inapofika ukingoni aliyeipokea anaona mara moja kama imekatwa. Alinieleza pia jambo zito ambalo sikulijua: mwaka 1278 Wayahudi wa Uingereza walikamatwa kwa mamia kwa tuhuma za kukata sarafu, na zaidi ya 200 wakanyongwa London, muda mfupi kabla ya peni kama hii yangu kugongwa. Tangu hapo siwezi kuishika bila kuwakumbuka watu hao.

Alinionyesha vilevile namna ya kutofautisha Edward mmoja na mwingine, kwa kuwa sura zao ni zilezile: sarafu zenye EDW pekee ni za Edward I, na zile zenye EDWA au zaidi ni za mwisho wa utawala wake na za mwanawe. Akaniandikia risiti yenye aina, uzito na ahadi ya kurudisha pesa iwapo mtaalamu yeyote ataithibitisha kuwa bandia. Dakika arobaini zote hizo alizitumia kwa mteja wa pauni 45.

Nilipojaribu mnada wa mtandaoni mambo yalikuwa mengine. Peni ya pili, niliyoipata kwa pauni 28 kwa muuzaji asiyeonyesha uzito, ilifika ikiwa nene, uso wake una vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa, na ukingoni ulionekana mshono uliosawazishwa kwa tupa. Ilikuwa imemiminwa kwenye kalibu. Sarafu halisi ya zama hizo ilipigwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili ya chuma, kwa hiyo mistari yake ni mikali hata pale ilipochakaa, na mara nyingi picha imekaa upande kidogo. Muuzaji hakunijibu, nami nilirudishiwa pesa zangu baada ya wiki sita za kuandikiana na waendeshaji wa mnada. Ushauri wangu ni kwamba usinunue peni ya kale bila kuambiwa uzito wake na bila picha ya ukingo.

Hapa lugha yetu inasaidia kuelewa. Sisi huita pesa na madini yenyewe kwa neno moja, fedha, na ndivyo peni ilivyokuwa: thamani yake ilikuwa ni madini yaliyomo ndani yake. Pauni ilikuwa ratili ya fedha iliyotoa peni 240, na hesabu hiyo ya peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni ilidumu hadi tarehe 15 Februari 1971. Shilingi imetoweka huku, lakini inaendelea kutajwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kila saa.

Kwa anayeishi Birmingham, hatua ya pili iliyonipa furaha kubwa ni peni za shaba. Ile ya mwaka 1797, iliyotengenezwa na Matthew Boulton katika kiwanda chake cha Soho kwa mashine za mvuke, ina uzito wa aunsi nzima na ukingo mpana ulioinuka, ndiyo maana wenyeji waliibandika jina la gurudumu la mkokoteni. Yangu imechakaa na nilitoa pauni 15. Kisha nikatafuta peni zenye herufi H, ambazo Heaton aliitengenezea Uingereza katika baadhi ya miaka kati ya 1874 na 1919, nikapata ya mwaka 1912 kwa pauni 4. Hiyo niliiharibu. Niliisugua kwa siki na chumvi kama tunavyosafisha masinia ya shaba nyumbani, ikawa nyekundu na kung'aa bila uhai, na ile rangi ya hudhurungi iliyokuwa imejijenga kwa miaka mia moja haitarudi. Sarafu haisafishwi. Iweke kwenye kibweta cha karatasi au cha plastiki ngumu, kwa kuwa plastiki laini ya bei nafuu hutoa kemikali inayoacha ukungu wa kijani.

Sasa ile kampuni ya ukumbusho, ambayo siitaji jina. Kwa miezi kumi na moja nilipokea kila mwezi sanduku lenye mahameli na cheti chenye namba, kwa pauni 39.99. Ndani mlikuwa na sarafu za nikeli zilizopakwa dhahabu nyembamba, na vipande vingine vinne havikuwa sarafu kabisa bali medali, maana havikuandikwa thamani yoyote. Barua zao zilizungumzia uwekezaji na idadi ndogo iliyotengenezwa. Nilipozipeleka kwa yule mzee, alizitazama kwa upole, akanitolea thamani iliyoandikwa juu ya zile sarafu za pauni 5, na medali hakuzitaka. Benki niliyoijaribu haikuzipokea. Kwa jumla nilitumia takriban pauni 440, na fedha hizo zingeninunulia peni tisa za zama za wafalme wa kale.

Sisemi kwamba sarafu za ukumbusho hazina maana. Ile ya Churchill ya mwaka 1965 ilitengenezwa kwa mamilioni, na hivyo inapatikana kwa pauni moja au mbili. Ni kubwa, nzito, na ina historia ya kweli, kwani Churchill alifariki mwezi Januari mwaka huohuo. Inunue kwa bei hiyo kwa sababu unaipenda, si kwa kutarajia faida.

Na zile zinazotoka kwenye chenji hazigharimu chochote zaidi ya thamani yake. Kipande cha peni 50, chenye pande saba zilizopindwa ili upana wake ulingane kila upande na mashine ziweze kukitambua, kimebeba picha nyingi kuliko sarafu yoyote ya huku. Kwa ajili ya Olimpiki ya London ya 2012 zilitolewa aina 29, na ile ya mpira wa miguu imechorwa maelezo ya sheria ya kuotea. Nimezipata 17 kati ya hizo, nyingi katika duka la nyama za halali la mtaani, ambako mwenye duka sasa huniwekea. Ile ya bustani za Kew ya mwaka 2009, ambayo zilitengenezwa 210,000 tu, sijaipata, na sitainunua mtandaoni kwa sababu bandia zake ni nyingi. Mwanangu wa miaka tisa anatafuta ya samaki wa mwaka 2023, ya Mfalme Charles III, ambayo ni chache zaidi, 200,000.

Nimesitisha malipo ya ile kampuni. Yule mzee ameniwekea nusu ya peni ya karne ya 12, iliyokatwa katikati kufuata mstari wa msalaba enzi ambazo chenji ilipatikana kwa kuikata sarafu yenyewe. Ni pauni 22, na nitaichukua Jumapili ijayo, nikiwa na mizani yangu na ile senti ya bibi, kwa sababu ameniomba aione.